Mafuta ya Kukamulia Kwenye Waya wa Klachi

Nekesa mwanangu, wewe uliyebeba jina la mamangu pamoja na kichwa chake kigumu,

Kaa chini ndio usome. Nimechukua kalamu kwa sababu kuongea na wewe leo kumenishinda. Kila nikianza unanijibu, na ukinyamaza wewe, baba yako anaanza, mwisho chai inapoa na hakuna kitu kimesemwa. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Tukiwa tunakula umesema, "Siendi Bungoma. Nikienda, nani atapandisha maziwa?" Baba yako akasema tutamwomba Wafula apandishe pamoja na yake. Mimi nikasema nitapandisha mwenyewe. Uliangalia tu mkono wangu wa kushoto, huu ninaoufunga kitambaa, halafu ukaendelea na sukuma wiki yako. Heri ungenijibu.

Basi barua hii ni ya huo mkono, na ya klachi, na ya safari yako ya kesho, ambayo utaenda. Mambo ya neti ya mbu sitaandika. Baba yako amekuimbia hayo tangu Jumapili, utafikiri Bungoma ni nchi nyingine. Na kupika unajua kuliko yeye, kwa hivyo hata hayo nimeruka.

Kwanza nikukumbushe wewe ni mtoto wa nani. Ulipokuwa mdogo, baba yako alinituma Kitale kwenye mnada, pale ofisi ya mifugo walikuwa wanauza vitu vyao vya zamani. Alinituma nikanunue meza. Nilipofika, wanaume walikuwa wamejaa kwenye meza na makabati, wanasukumana kama ng'ombe kwenye dipu. Kwa ukuta kulikuwa na pikipiki nyekundu iliyokuwa ya bwana mifugo, kiti kimepasuka, na hakuna mtu anaiangalia. Niliiangalia mimi. Jioni nilifika nyumbani nikiisukuma kwa miguu, kwa sababu kuendesha sikujua. Baba yako alisimama mlangoni, akaniangalia, akaangalia pikipiki, akaniuliza, "Mama Nekesa, tutakulia hapo juu?" Ndiyo maana mpaka leo tunakula tumeweka sahani kwa magoti.

Nilijifunza kwenye uwanja wa kanisa. Nikaangusha goli moja la vijana, nikalisimamisha tena, sijui kama liko sawa mpaka leo. Lakini baada ya hapo, nani mwingine? Kutoka kwetu mpaka kituo cha maziwa, mwanamke wa kwanza kufunga mikebe kwa pikipiki na kuipeleka ni mimi. Wengine walikuja baadaye, na wote nawaambia, hiyo njia mnayopita nilifungua mimi. Baba yako anasema najisifu. Sasa asiponisifu yeye, kazi hiyo aifanye nani?

Shida ilikuwa ule mlima. Wewe unaujua, lakini acha niueleze tu, nasikia raha kuueleza. Ukifika mtoni, daraja ni la magogo, lazima usimame, ushuke, uisukume polepole magogo yasifunguke. Ukivuka tu, mlima umeanza. Hakuna mahali pa kushika mbio kwanza. Unaanza kutoka sifuri na mikebe imejaa, na kama mvua imenyesha ule udongo mwekundu ni sabuni. Ndiyo sababu mimi sikutaka kamwe pikipiki ya mbio. Mbio ni za watu wa lami. Nilitaka pikipiki ya kuondoka.

Na hii yangu ikakataa kuondoka. Asubuhi naachilia klachi, nafungua resi, injini inalia mpaka ng'ombe wa jirani wanainua vichwa, na pikipiki yenyewe inatambaa pole pole kama mtu anayeenda kuungama. Harufu ya kuungua inanipanda puani. Wafula alikuwa ananipita na baiskeli yake akiisukuma kwa mkono, bana, kwa mkono, na ananiambia, "Mama Nekesa, leo umebeba maziwa ama umebeba kelele?" Nikifika juu, gari la maziwa limeshaondoka. Tulikunywa maziwa lala wiki nzima mpaka ukaanza kulia ukiona kikombe.

Nilibadilisha plagi. Nilimshusha baba yako, ambaye alikuwa anapenda kupanda bure mpaka barabarani, na akaninunia. Nilimwomba pasta aiombee, na akaiombea, lakini nadhani aliombea breki, kwa sababu breki ndizo zilikuwa nzuri baada ya hapo.

Ndipo shangazi yako wa Bumula akaniambia kuna Fundi Swaleh, gereji yake iko karibu na msikiti pale Bungoma, mtu haongei sana lakini mkono wake unaongea. Nikaendesha, nikapita Kamukuywa, nikateremka mpaka Bungoma jua likiwa kali. Fundi akaipanda, akazunguka soko, akarudi. Akanipakia mimi nyuma na gunia la mchele mbele, akapanda nayo kilima kimoja huko. Ikaruka kama swara. Akazima, akasema, "Mama, hii haina ugonjwa." Nikarudi nyumbani nikiimba. Asubuhi, pale darajani, ikatambaa tena.

Nikarudi kwake mara ya pili, mambo yakawa yale yale. Kwake inaruka, kwangu inatambaa. Akaniambia kwa heshima kabisa kwamba labda mlima wetu ndio mgonjwa. Nilikasirika, Nekesa. Nilirudi hiyo njia yote nikimjibu peke yangu kwa sauti, watu wa Kamukuywa wakidhani nina simu.

Mara ya tatu nilimkuta amekaa na kahawa yake. Hakugusa pikipiki. Alinipa stuli, akaniambia nimweleze ninachofanya kutoka nikiamka mpaka nikifika pale mlimani. Nikaona huyu sasa ananichezea. Lakini nikamwambia: naamka, nakamua, nachuja, nafunga mikebe, napaka pikipiki mafuta, naondoka.

"Mafuta gani?"

"Mafuta mazuri," nikamwambia. "Sitakosea pikipiki yangu."

Akainuka, akauvuta waya wa klachi pale unapoingia kwenye mkono wa klachi, akapitisha kidole, akanusa. Akanusa tena. Sijawahi kuona mtu anazuia kicheko kwa adabu namna hiyo.

"Mama," akaniambia, "hii pikipiki unaiendesha ama unaikamua?"

Unajua ule mkebe wetu wa mafuta ya kukamulia. Katika nyumba hii ule mkebe ulikuwa daktari. Chuchu za ng'ombe, bawaba za mlango, midomo yako ikipasuka wakati wa baridi, viatu vya baba yako vya kanisani, vyote vilipakwa hapo. Sasa waya ulipoanza kulia kwi kwi, ningepaka nini kingine? Nikawa naupaka kila asubuhi, naujaza mpaka ndani, kwa upendo. Na baridi ya asubuhi zetu za Kitale unaijua. Yale mafuta yanaganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyolala. Nikiachilia mkono, waya haurudi wote. Klachi inabaki imeshikwa nusu, kama kuna mtu ameficha kidole hapo, kwa hivyo injini inazunguka na gurudumu halipati nguvu. Halafu nateremka Bungoma kwenye joto, mafuta yanayeyuka, waya unarudi, pikipiki inapona. Kila mara nilikuwa nampelekea fundi mgonjwa aliyeponea njiani.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa msikiti. Niambie, ni mtu gani mwingine hii Kenya yote ameharibu klachi kwa usafi? Hilo kosa ni letu sisi watu wa ng'ombe, na mimi ndiye bingwa.

Nimekusimulia hii hadithi mara nyingi na huwa tunaishia kwenye kicheko. Leo naongeza kitu ambacho sikuwahi kukuambia. Fundi Swaleh alipata ule ugonjwa siku aliyoacha kuiuliza pikipiki akaniuliza mimi. Huko kwake unakoenda watakuletea pikipiki nyingi. Masikio yako ni mazuri kuliko yangu, na hiyo si kukusifu, ni ukweli. Lakini pikipiki nyingine zitakuwa nzima mbele yako. Basi mpe mwenyewe stuli, umuulize inalala wapi, na asubuhi yake inakuaje. Usimcheke mpaka umalize kusikiza. Ukimaliza, cheka, yeye pia atacheka.

Fundi alisafisha ule waya kwa petroli, akaupaka oili nyembamba, akanionyesha jinsi ya kuacha nafasi kwenye mkono wa klachi, upana wa sarafu tu, ndio klachi ikiachiliwa iachiliwe kweli. Ningetulia hapo, ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini nilikuwa nimeonja. Nikamuuliza, kama nataka iondoke kwa nguvu kuliko hivi? Akaniambia springi za klachi zimechoka, naweza kununua mpya ama niweke washa nyembamba, vile vichuma vya duara vyenye tundu, chini ya kila springi ili zibane zaidi. Alisema nyembamba. Nilisikia. Nikafika nyumbani nikaona washa za plau ya kulimia, nene, nzuri, za chuma cha kweli, nikasema kwani nyembamba za nini.

Iliondoka, hiyo. Pale darajani iliruka mpaka mikebe ikagongana. Wafula alibaki ameshika baiskeli yake mdomo wazi. Shida nilipofika kituoni. Nikavuta klachi nisimame, na pikipiki ikaendelea. Springi zilikuwa zimebanwa mpaka hazina pa kwenda, klachi haifunguki. Nikaingia foleni ya wamama hivyo hivyo, nikipiga honi, nikaenda kusimama kwenye mikebe ya mwenyekiti wa kituo. Nilimwagikiwa maziwa kutoka kichwani mpaka kwenye gambuti miguuni. Mwenyekiti akaniuliza kama nimekuja kuuza ama kuoga.

Hiyo jioni tulifungua tena, mimi na wewe, wewe umeshika sahani ya nati na unahesabu kama mwalimu. Tukaweka washa nyembamba, tukajaribu, tukapunguza moja kwa tupa, tukajaribu. Siku ilipokaa sawa nilijua kabla sijafika katikati ya mlima. Unaachilia na gurudumu linauma udongo pale pale, hakuna kulia, hakuna harufu. Wakati huo Wafula amenunua pikipiki mpya, na nikampita nayo kwenye ule mlima nikiwa na mikebe minne. Akanikuta kituoni akaniuliza, "Umeweka nini huko ndani?" Nikamwambia nimeweka akili. Sikuwa mnyenyekevu, na sijutii.

Lakini springi iliyobanwa inataka mkono. Wakati ule nilikuwa nao. Kukamua asubuhi, kukamua jioni, katikati klachi ngumu kama mlango wa benki, na miaka ikaenda. Mwaka juzi ukaniona nakamua kwa mkono mmoja. Asubuhi yake nikakuta umefunga mikebe na umepanda, ukaniambia, "Mama, mpaka mkono upone." Mkono haukupona, na mimi, nikuambie tu, nilizoea. Nilizoea kunywa chai nikiwa nimekaa, nikisikia pikipiki yangu inapanda mlima bila mimi, na nikisema moyoni, sikia mtoto wangu anavyoachilia klachi.

Na ulinipita. Wacha nikuambie kwa sababu kesho hakutakuwa na nafasi. Ile siku ya soko Kamukuywa, nilikuacha dakika chache nikachague vitunguu, nikarudi nikakuta umepiga magoti kwa pikipiki ya mtu usiyemjua, watu wamekuzunguka. Yule mtu alikuwa anasema ati msichana atamharibia. Ukaweka sikio, ukakaza waya kidogo, ukamwambia apige kiki. Alipoondoka, ile pikipiki ilikaribia kumwacha nyuma. Nilisimama pale na vitunguu vyangu nikawaambia watu wote, hata wale hawakuuliza, huyo ni wangu. Muuza vitunguu nilimwambia mara mbili.

Kwa hivyo Fundi Swaleh aliposema, "Mlete, aje na ovaroli," sikushangaa. Nilishangaa tu amechelewa. Ni mtu mzuri na mke wake atakupa chumba. Lakini wateja wataingia wakuone, wakuulize fundi yuko wapi. Siku za kwanza utachoka kusema ni wewe. Kuna wenye watakuambia ukae kwa kaunta uuze balbu kwa sababu sauti yako ni nzuri. Waambie sauti umeacha kwa kwaya. Mimi niliambiwa nibebe maziwa kichwani kama wenzangu, na kama ningesikia, leo ungekuwa unasoma barua tofauti.

Sasa, mkono.

Tangu wiki iliyopita, wewe ukienda mazoezi ya kwaya, mimi nimekuwa kwa banda. Nilikuwa natayarisha vipuri, na leo ulipomaliza kupeleka maziwa ukaenda kuaga marafiki, nimeifungua klachi yote. Ndiyo, peke yangu, na baba yako akishika sahani ya nati, na amepoteza moja tu. Nimetoa zile washa zote. Nimeweka springi laini na pleti mpya. Nimelegeza kila kitu nilichokaza miaka hiyo yote nikijisifu nacho, na usifikiri sikusikia uchungu, nilikaa nazo mkononi kidogo kabla ya kuzitupa. Sasa mkono wa klachi navuta kwa vidole viwili, hivi vidole vibovu, na unakuja kama mlango wa kabati.

Najua unachosema. Unasema, springi laini itateleza pale mlimani. Nilijua utasema, kwa hivyo nimebadilisha sproketi ya nyuma. Nimeweka kubwa, yenye meno mengi, na cheni ndefu ya kuitosha. Injini sasa haihangaiki kuondoka, klachi haibebi mzigo wote peke yake. Kwenye lami itakuwa pole, hiyo najua. Wafula atanipita akipunga mkono, na baiskeli zingine labda. Wacha wapite. Maziwa yangu hayaendi Eldoret. Yanavuka daraja na kupanda mlima.

Leo mchana ulipokuwa unaaga marafiki, nilijaza mikebe maji, minne, mpaka juu. Nikashuka darajani, nikasukuma, nikapanda. Mara ya kwanza ikazima. Nilikuwa nimeachilia kwa nguvu ya zamani, na hii haitaki hivyo. Baba yako alikuwa amesimama kando ya mto, akasema turudi nyumbani. Nikampungia mkono anyamaze. Mara ya pili nikaachilia taratibu, na ikashika. Haikuruka, Nekesa. Ilikuwa kama ng'ombe mzee anayejua zizi liko wapi. Ikapanda bila kulia, bila harufu, mpaka pale kwa ule mti mkubwa, mpaka juu, na mkono wangu haukuuma hata nilipofika. Nilizima pale juu nikakaa. Nilikuwa nataka mtu wa kunisifu na baba yako alikuwa hajamaliza kupanda kwa miguu.

Sikusema haya tukila kwa sababu nakujua. Ungechukua tochi uende ukague, na ungepata kasoro, wewe hukosi kasoro, halafu ungesema unabaki uitengeneze. Nimefunga banda na ufunguo niko nao kwa kifua.

Hakuna mtu anakufukuza. Hapa ni kwenu. Lakini usibaki kwa sababu yangu ukaniita mgonjwa, wakati mimi nimeweza kufungua klachi na kuifunga. Ukitaka kubaki, tafuta sababu yako mwenyewe, na huna, kwa sababu nimekuona ukijaribu ile ovaroli mbele ya kioo ukidhani nimelala.

Asubuhi nitakamua kwanza. Halafu nitafunga mikebe upande mmoja na sanduku lako upande mwingine, nikupeleke mpaka barabarani. Tukifika darajani utashuka kama abiria yeyote, usinisaidie kusukuma. Tukivuka, panda nyuma yangu, ushike kiuno, na uachane na mkono wangu wa kushoto. Wewe sikiliza tu ninavyoachilia.

Ni mimi mama yako, ambaye hakuna kama yeye, uliza mtu yeyote,

Mama Nekesa